Mwenyeji ni Nani? Historia ya Watu wa Karatu na Endulen

1. Utangulizi

Mchungaji anayepangiwa kazi katika mji mdogo wenye makabila mengi hukutana mapema na swali ambalo hakufundishwa chuoni namna ya kulijibu. Swali hilo huja kwa sura mbalimbali. Wakati wa kuchagua wazee wa kanisa, huulizwa kama ni haki mtu aliyekuja juzi awaongoze waliozaliwa pale. Wakati wa msiba, huulizwa marehemu azikwe wapi, katika shamba alilonunua au kwa baba zake. Wakati wa ugomvi wa malisho, huulizwa nani alimtangulia mwenzake. Yote hayo ni swali moja, yaani: mwenyeji ni nani?

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo katika sehemu mbili zinazotegemeana: mji wa Karatu, na kijiji cha Endulen kilicho ng'ambo ya kreta ya Ngorongoro. Tutaonyesha kwamba historia ya nchi hii haimpi mtu wa kabila lolote ruhusa ya kumwita jirani yake mgeni kwa wepesi. Tutaonyesha pia kwamba historia hiyohiyo haimruhusu mtu kusema kuwa, kwa vile wote walihama, basi kumhamisha mtu ni jambo dogo. Mambo haya mawili hayana budi kushikwa pamoja. Anayeshika moja na kuliacha la pili huwadhulumu watu bila kujua.

2. Nchi yenyewe

Karatu iko katika nyanda za juu za Mkoa wa Arusha. Upande wa mashariki nchi hukatika ghafla kwenye ukuta wa Bonde la Ufa, na chini yake lipo Ziwa Manyara. Upande wa kusini-magharibi huteremka hadi Ziwa Eyasi, lenye maji ya magadi. Upande wa kaskazini huinuka msitu wa Ngorongoro, ambao ndio mama wa chemchemi nyingi za wilaya. Katika udongo wake mwekundu hustawi mahindi, maharage, ngano, mbaazi na kahawa. Na huko chini Mang'ola, karibu na Eyasi, watu hulima vitunguu kwa maji ya mifereji.

Barabara kuu kutoka Arusha hupita katikati ya mji, kisha hupanda hadi lango la Lodoare, ambapo huanza eneo la Hifadhi ya Ngorongoro. Toka hapo njia huufuata ukingo wa kreta, na tawi lake moja huteremka upande wa magharibi hadi Endulen. Hapo kuna hospitali ya Kanisa Katoliki, shule, maduka na mnada wa mifugo. Wakazi walio wengi ni Wamasai. Wako pia Wadatoga, pamoja na watumishi na wafanyabiashara kutoka makabila mengine.

Karatu ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu mpaka ilipofanywa wilaya ya peke yake katika miaka ya 1990. Mbulu yenyewe iliingizwa katika Mkoa mpya wa Manyara mwaka 2002. Katika miaka ya mwanzo ya 2000 barabara iliwekwa lami hadi langoni, na mji ukakua kwa hoteli, gereji na maduka yanayotegemea watalii. Waliokuja kufanya kazi hizo ni Wachaga, Wapare, Wameru, Waarusha, Wanyiramba na wengine wengi.

Si mbali na Endulen kuna Laetoli. Hapo, mwaka 1978, kundi la watafiti wakiongozwa na Mary Leakey lilikuta nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano, kiasi cha miaka milioni 3.6 iliyopita. Anayetaka kumjua aliyetangulia kupita katika nchi hii ana safari ndefu ya kurudi nyuma.

3. Watu na lugha zao

Mwaka 1963 mtaalamu Joseph Greenberg aliziweka lugha za Afrika katika jamii kuu nne. Nchi iliyo kati ya Mbulu, Karatu na Eyasi imejulikana kwa wataalamu kwa sababu wasemaji wa jamii zote hizo nne huishi hapo kama majirani.

Wa kwanza ni Wahadzabe, wanaoishi kando ya Ziwa Eyasi na katika Bonde la Yaeda kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Idadi yao ni kama elfu moja na zaidi kidogo. Lugha yao ina sauti za kualika ulimi. Greenberg aliiweka pamoja na lugha za kusini mwa Afrika, lakini leo wataalamu wengi huona kwamba haina ndugu anayejulikana.

Wa pili ni Wairaqw, ambao kwa Kiswahili huitwa pia Wambulu. Lugha yao ni ya Kikushi, na ndugu zake wa karibu ni Kigorowa, Kialagwa na Kiburunge. Wairaqw ni wakulima na wafugaji kwa pamoja, na ndio wengi katika Wilaya ya Karatu.

Wa tatu ni Waniloti, nao wako wa namna mbili. Wadatoga, ambao Wabarbaig ni tawi lao, husema lugha iliyo karibu na ya Wanandi na Wakipsigis wa Kenya. Wamasai husema Kimaa, ambacho ni cha tawi jingine la Kiniloti. Mtu wa mbali huweza kuwadhania kuwa watu wamoja kwa sababu ya ng'ombe na mikuki. Lakini hawasikilizani lugha, na kwa muda mrefu walikuwa maadui.

Wa nne ni Wabantu: Wanyisanzu na Wanyiramba kutoka upande wa Singida, Wambugwe wa karibu na Manyara, na wote waliofuata barabara na biashara.

Msomaji wa theolojia atapenda kujua jambo moja zaidi. Wairaqw humwita Mungu Looaa, humhusisha na jua, na humsema kama mama. Wadatoga humwita Aseeta, jina linaloshirikiana na jua pia. Wamasai humwita Enkai, neno ambalo ni pia mbingu na mvua, na katika sarufi yao ni la jinsia ya kike. Mhubiri anayesimama Karatu na kutamka neno "Mungu" kwa Kiswahili husikiwa na watu ambao mioyoni mwao neno hilo limeamsha picha tofauti. Hilo si kosa lao. Ni juu yake kujua.

4. Hadithi mbili za asili

Katika nchi hii zimeenea hadithi mbili ambazo wachungaji wengine huzirudia mimbarani. Ya kwanza husema kwamba Wairaqw walitoka Iraq, nchi ya Mto Frati, na kwamba jina lao ni ushahidi. Ya pili husema kwamba Wamasai ni tawi la Israeli lililopotea. Hii ya pili ilipewa nguvu na ofisa wa Kijerumani Moritz Merker, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1904 alidai kwamba Wamasai ni Wasemiti na kwamba masimulizi yao yana asili moja na yale ya Waebrania.

Hadithi zote mbili hazina msingi imara. Kufanana kwa jina si ushahidi. Kama kingekuwa ushahidi, majina mengi ya duniani yangetuletea undugu wa ajabu. Lugha ya Kiiraqw yaonyesha undugu na lugha za Kikushi za kaskazini-mashariki mwa Afrika, na wasemaji wa lugha za namna hiyo wamekuwa Afrika ya Mashariki tangu zamani sana. Kimaa nacho ni Kiniloti, chenye ndugu zake upande wa Sudani ya Kusini. Kuhusu masimulizi aliyokusanya Merker, wataalamu waliomfuata hawakuyakubali maelezo yake.

Kwa nini basi hadithi hizi hupendwa? Kwa sababu humpa mtu heshima ya kuwa na asili katika nchi za Biblia. Lakini heshima hiyo ina gharama. Anayethibitisha kwamba alitoka Babeli au Kanaani amejifanya mgeni katika nchi ya mababu zake, na amempa mshindani wake silaha ya kumwambia arudi alikotoka. Tena, haimhitaji mtu kuwa mzaliwa wa nchi za Biblia ili Mungu awe amemjua. Nabii Amosi (9:7) anasema kwamba Mungu aliyewatoa Israeli Misri ndiye pia aliyewaleta Wafilisti na Washami kutoka nchi zao. Uhamaji wa mataifa mengine nao umo mkononi mwake.

5. Kuhama na kuhamishwa

Kabla ya Wamasai, nyanda za juu za Ngorongoro zilikuwa za Wadatoga. Wamasai waliwashinda na kuwasukuma kusini katika karne ya 19. Hata jina "Mang'ati", ambalo Waswahili wengi humwitia Mdatoga, ni la Kimasai, na maana yake ni adui. Wakati huo Wairaqw walikuwa wamejikusanya katika milima ya Mama Isara, kusini zaidi, ambako Wamasai na Wadatoga hawakuweza kuwafikia kwa urahisi. Huko waliwapokea watu wengi wenye shida, hata leo koo kadhaa za Wairaqw husimulia kwamba mababu zao walikuwa Wadatoga au Wabantu. Kabila ambalo leo laonekana kuwa moja lilikuwa kimbilio la wengi.

Katika miaka ya mwanzo ya 1890 sotoka iliua ng'ombe kwa wingi katika Afrika ya Mashariki, na ndui ikafuata. Msafiri Oscar Baumann, Mzungu wa kwanza kuandika habari za kreta ya Ngorongoro, alipofika mwaka 1892 aliwakuta Wamasai wamedhoofika kwa njaa. Pigo hilo lilibadili uwiano wa nguvu. Wamasai hawakuweza tena kuizuia nchi ya Karatu kwa mikuki, na baada ya utawala wa kikoloni kukomesha vita vya ng'ombe, Wairaqw walianza kupanda kaskazini kutafuta mashamba na malisho. Hivyo Mwiraqw wa Karatu, ambaye leo huitwa mwenyeji, ni mjukuu au kitukuu cha mhamiaji.

Wazungu nao walikuja. Ndugu wawili Wajerumani, Adolf na Friedrich Siedentopf, walikuwa na mashamba ndani ya kreta yenyewe kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliotawala Tanganyika baadaye waliwaruhusu Wajerumani kurudi kuanzia mwaka 1925, na wengi wakaanzisha mashamba ya kahawa huko Oldeani. Vibarua walitoka Singida na kwingineko, na baadhi yao hawakurudi kwao. Vita vilipoanza mwaka 1939, Wajerumani hao waliwekwa kizuizini na mashamba yao yakachukuliwa. Walowezi waliondoka, vibarua wakabaki, wakaoa, wakazika wafu wao hapo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili wakulima wa Kiiraqw wa Karatu waliingia katika kilimo cha ngano kwa matrekta, na ardhi iliyokuwa malisho ikawa shamba. Mambo kama hayo yalitokea kwa ukubwa zaidi huko Hanang, ambako tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 mashamba ya ngano ya Serikali, yaliyosaidiwa na Kanada, yalichukua takriban hekta 40,000 za malisho ya Wabarbaig. Wengi wao walitawanyika na mifugo yao. Basi msomaji anapomwona Mdatoga akipita na ng'ombe kando ya shamba la mtu, na kumsikia mwenye shamba akiuliza "hawa wametoka wapi?", ajue kwamba jibu limo katika historia.

Wahadzabe hawakumfukuza mtu yeyote. Kila aliyekuja, awe mfugaji au mkulima wa vitunguu, alichukua sehemu ya pori lao. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipata hati za kimila za kuimiliki ardhi yao. Ni jambo la kutafakari kwamba watu waliokaa hapo kuliko wote ndio waliochelewa kuliko wote kupewa karatasi.

6. Endulen na neno "hifadhi"

Historia ya Endulen imefungwa na historia ya hifadhi. Serengeti ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, Ngorongoro ilikuwa ndani yake. Baada ya mabishano, wazee 12 wa Kimasai walitia sahihi mwaka 1958 mapatano ya kuiacha Serengeti, na mwaka 1959 eneo la Ngorongoro, lenye kilomita za mraba zipatazo 8,000, likawekwa chini ya sheria yake lenyewe ili watu, mifugo na wanyamapori wakae pamoja. Mwaka huo gavana aliliahidi Baraza la Wamasai kwamba maslahi ya wanyama yakigongana na ya wakazi, ya wakazi yatatangulia.

Ahadi hiyo ilipungua hatua kwa hatua. Mwaka 1974 waliokuwa wakiishi ndani ya kreta waliondolewa. Mwaka 1975 kilimo kilipigwa marufuku. Mwaka 1992 kikaruhusiwa kwa kiasi. Mwaka 2009 kikakatazwa tena. Katika miaka ileile ya 2000, watu waliohesabiwa kuwa wahamiaji ndani ya eneo, wengi wao wakiwa wakulima na vibarua wa makabila mengine, walitakiwa kuondoka. Wakazi waliokadiriwa kuwa 8,000 hivi mwaka 1959 walizidi 90,000 katika hesabu ya mwaka 2017.

Kuanzia Juni 2022 Serikali iliendesha mpango wa kuwahamishia wakazi Msomera, Wilaya ya Handeni. Serikali ilieleza kwamba wanaohama wanahama kwa hiari, na kwamba ongezeko la watu na mifugo limeielemea hifadhi. Wakazi wengi na mashirika ya haki za binadamu walisema hawakushirikishwa ipasavyo, na kwamba huduma za afya na elimu zilipunguzwa ili watu wachoke. Agosti 2024 tangazo la Serikali lilifuta kata na vijiji vya tarafa ya Ngorongoro, Endulen ikiwemo. Maelfu ya watu walikusanyika barabarani, na mwezi huohuo Mahakama Kuu ikalisimamisha tangazo hilo. Desemba 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na viongozi wao na kutangaza kwamba zitaundwa tume mbili, moja ya masuala ya ardhi na nyingine ya uhamaji.

Tazama jinsi neno "mhamiaji" lilivyosafiri. Kwanza lilimhusu kibarua kutoka Karatu aliyelima Endulen. Baadaye Mmasai mwenyewe, ambaye kwa ajili yake kibarua yule aliondolewa, alianza kuambiwa kwamba naye ana kwingine kwa kwenda. Aliyeufurahia mlango ulipofungwa mbele ya jirani yake aligundua kwamba kitasa hakikuwa mkononi mwake.

7. Mahindi na ng'ombe

Katikati ya hayo yote, watu wameendelea kulishana. Ng'ombe hawakuongezeka kwa kadiri ya watu, na maziwa peke yake hayatoshi kuilisha boma mwaka mzima. Kwa kuwa Mmasai wa Endulen hawezi kulima, huuza mnyama na kununua mahindi, na mahindi hayo kwa sehemu kubwa hutoka mashamba ya Karatu. Mwiraqw naye hununua mifugo, na mfanyabiashara wa Kichaga au wa Kinyiramba huyasafirisha mahindi kwa gari. Mvua ikikosa Karatu, njaa hufika Endulen. Ugonjwa wa mifugo ukiingia Endulen, mnada wa Karatu hupoa.

Utegemeano huu haukuanzishwa na semina wala azimio. Ni kazi ya watu wa kawaida, na ni msingi imara zaidi wa amani kuliko hotuba nyingi. Lakini usifikiriwe kuwa ni usawa. Anayeuza ng'ombe wakati wa njaa huuza kwa bei ya mnunuzi.

8. Maana yake kwa huduma ya kanisa

Kutokana na hayo tunaona mambo matatu yanayomhusu mchungaji.

La kwanza ni majina. Watu waitwe kwa jina wanalojiita. Mdatoga si Mang'ati. Mhadzabe si Mtindiga wala Mndorobo. Haifai mtu abatizwe kwa jina la Kikristo, kisha nje ya mlango wa kanisa aitwe adui.

La pili ni lugha. Kiswahili kimekuwa baraka kwa Karatu kwa sababu si mali ya kabila lolote kati ya haya, nacho huwakutanisha wote. Hata hivyo Kiswahili cha mimbarani humpa nafasi ya mbele kijana aliyesoma, na humnyamazisha bibi ambaye imani yake ni kubwa kuliko msamiati wake. Usharika wenye hekima hautaacha ibada ya Kiswahili, lakini utahakikisha kwamba sala, ungamo na faraja ya msiba vyapatikana katika lugha ya moyo wa mtu. Na kamati ya wazee isihesabiwe kwa miaka ya ukaaji tu.

La tatu ni ardhi. Katika Mwanzo 26 Isaka, mfugaji mgeni katika Gerari, anachimba kisima baada ya kisima na kugombanishwa, mpaka anapopata nafasi. Msomaji mfugaji humwona Isaka kuwa ndugu yake. Msomaji mkulima huwaelewa watu wa Gerari. Mhubiri asimpe mmoja wao Biblia kuwa hati ya kumiliki. Walawi 25:23 hufundisha kwamba nchi ni ya Bwana, na kwamba hata Israeli walikaa kwake kama wageni. Fundisho hilo humwondolea kila mkazi majivuno. Lakini lisigeuzwe kuwa faraja rahisi kwa anayeng'olewa, kana kwamba kwa kuwa sote ni wapitaji basi asiulizwe. Mungu aliyesema nchi ni yake alikataza katika sheria ileile kuondoa mpaka wa jirani na kumwonea mgeni. Kwa hiyo wajibu wa kanisa ni kuhakikisha kwamba hakuna mtu anayehamishwa bila kusikilizwa, bila kuelezwa ukweli, na bila njia ya kudai haki yake. Wajibu huo ni uleule kama anayehamishwa ni Mmasai wa Endulen, kibarua asiye na shamba, au Mhadzabe ambaye pori lake limekuwa bustani ya vitunguu.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba Karatu na Endulen ni nchi ya watu waliofika kwa zamu. Wengine walikuja wakishinda, wengine wakikimbia, wengine wakitafuta kazi. Waliokuwa wenyeji jana waliitwa wageni leo, na kinyume chake. Swali la nani alitangulia lina manufaa yake mahakamani na katika vitabu vya historia, lakini halitoshi kuongoza usharika. Swali linalomfaa mchungaji zaidi ni hili: je, huyu aliye mbele yangu, awe alifika lini, anaweza kukaa hapa, kula, kuzika wafu wake na kusikilizwa? Mwanafunzi atakayepangiwa kazi katika mji wa namna hii aanze kwa kuuliza historia ya uwanja ambao kanisa lake limejengwa. Aulize ni nani aliyelisha hapo, ni nani aliyelima, na walikwenda wapi. Akishapata majibu, ataijua vizuri zaidi kazi iliyomleta.